Mwalimu wa Hesabu na Midomo ya Mutakura

Katika daftari hili mna majina ya watu wanne, na Mwalimu si mmoja wao. Watatu nawataja mapema, utamu wa habari usije ukanisahaulisha. Gaspardi mwenye bucha, aliyefunga geti. Hamimu Mufupi, aliyeng'oa mabati na milango ya nyumba yangu. Joselini, aliyevaa vitenge vya mama yangu kanisani Jumapili ya kwanza baada ya vita kupoa, tena akakaa benchi la mbele. Wote watatu wapo hapa Mutakura, mtaa wetu wa Bujumbura, wanakula vizuri, wanasalimia. Jina la nne litakuja likifika zamu yake.

Sasa Mwalimu.

Alikuwa anafundisha hesabu. Alifundisha muda mrefu hata chaki ikahamia kwenye kiwiko chake cha kulia, ikakaa huko siku za likizo, ikakaa hata siku ya Idi alipokuja kwangu kula pilau akiwa na kitenge kipya. Mwanamke mrefu, mwembamba, akitembea ameinama mbele kidogo kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa chini. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya kibanda changu cha kutengeneza redio na simu, ukuta wetu mmoja, kwa hiyo jioni nilikuwa nashika chuma cha kulehemu huku nikisikiliza masomo ya watoto wa jirani. Mimi shule niliiacha darasa la sita. Sehemu za kumi nilijifunzia ukutani.

Alipokaribia miaka hamsini akarudi chuoni, akaongeze karatasi. Huko wakamwambia hesabu peke yake haitoshi, lazima mtu achukue na somo la pili, la pembeni. Yalikuwepo matatu ya kuchagua: michezo, uhasibu na isimu. Michezo, magoti yalikataa. Uhasibu, alisema, ni hesabu iliyofungwa jela. Ikabaki isimu, ambayo hakuna mtu Mutakura aliyewahi kuisikia. Alikuja kibandani kunieleza.

"Na hiyo unasoma ili ujue nini?" nikamuuliza.

"Nijue watu wanavyosema."

"Ata mi najua wanavyosema. Wanasema uongo."

Akatoa kalamu kwenye nywele. "Umesema 'ata mi najua.' Rudia."

"Nimesema wanasema uongo."

"Hiyo naijua. Rudia ile ya mbele."

Nikarudia. Akaandika. "Rudia tena." Ndivyo ilivyo sheria ya kazi yao: neno jipya halikubaliwi mpaka mwenyewe alitamke mara tatu. Ya kwanza mtu anasema kwa haraka, ya pili anasema kwa aibu, ya tatu ndiyo anasema anavyosema. Tangu siku ile hakuna aliyeongea na Mwalimu kwa amani. Ukimsalimia, "Rudia." Ukimwambia bei ya nyanya imepanda, "Rudia." Muuza ndagala mmoja, dagaa wa ziwani, alimwuliza kama masikio yake ni mazima, akamwambia, mama, mi niko na dada yangu alipona vizuri baada ya kunywa mafuta ya mutete, jaribu. Mwalimu akaomba arudie "mafuta ya mutete."

Somo la pembeni likamla. Hesabu ilibaki kazi, isimu ikawa ugonjwa. Kila Jumamosi akirudi chuoni alipita kwangu kunieleza walichofundishwa, na mimi nilimsikiliza nusu, maana redio haifunguliwi kwa masikio mawili. Lakini moja lilinishika. Alisema sisi watu wa hapa hatusemi lugha moja ikaisha. Tunaanza habari kwa Kiswahili, tukikasirika tunaingia Kirundi, tukitaja saa na miaka tunaruka kwenye Kifaransa, tukimwogopa Mungu tunakwenda Kiarabu, halafu tunarudi kwenye Kiswahili kama mtu aliyetoka nje kidogo kutema mate. Nikamwambia huo ni ukosefu wa shule. Akanitazama kama nimetukana mama yake.

"Apana, Fundi. Kwenye hesabu kuna kosa. Kwenye mudomo wa mutu akuna."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake, alilisema kila mahali. Na la pili: "Usinisahihishie mutu." Bibi mmoja akisema jambo, na mjukuu wake wa sekondari akirukia kumnyoosha, Mwalimu alikuwa anainua kidole: usinisahihishie mutu. Ilhali Mwalimu huyohuyo, darasani, aliwahi kumkatia kijana ukurasa mzima kwa sababu ya alama moja ya sawasawa iliyosahaulika. Nilimwuliza, imekuwaje mtu mmoja ana roho mbili? Akasema anazivaa kwa zamu: Jumatatu hadi Ijumaa ile ya kalamu nyekundu.

Alikuwa na mambo ya kupingana mengi zaidi ya hilo. Mtu aliyekusanya maneno ya watu hakupenda watu wanaosema sana. Dada yake alipokuja kutoka Gitega kumtembelea, yule dada mwenye mdomo usiofungwa, Mwalimu alikimbilia kibandani kwangu akajifanya anangoja betri. Alihesabu kila kitu, ngazi, mandazi, vikohozi vya imamu, lakini hakuwahi kufika mahali kwa saa aliyosema. Na alikuwa mchoyo wa sukari. Chai ya kwake ulikuwa unainywa kwa imani.

Kazi yake ilimtaka achukue sauti. Alipata kinasa sauti kidogo, cha mkono wa pili, alichokiita kadude, akakifunga ndani ya mfuko wa plastiki wa mchele ili vumbi lisiingie. Mimi ndiye niliyekuwa daktari wake. Kila mwezi kililetwa na ugonjwa mpya, na kila mara, kukijaribu, nilibonyeza nikasema, "An, de, trwa." Aliniuliza kwa nini Kifaransa. Nikasema sijui, aliyenifundisha ufundi alijaribu hivyo. "Na yeye?" Aliyemfundisha. Akaandika, akafurahi siku nzima, eti hizo namba zimerithiwa kama koleo.

Kwa kadude hicho aliizunguka Bujumbura. Kinindo alikwenda kufundisha hesabu watoto wa kwenye majumba ya kifahari, lakini alitoka mapema nyumbani kwake ili akae na zamu wa getini, mlinzi mzee wa Kayanza. Huyo zamu, alisema Mwalimu, hajawahi kuuliza mtu anasema lugha gani. Gari likipiga honi anajua. Honi mbili fupi, anafungua na "Bonjour." Honi moja ndefu, Kirundi cha kumwita mtu bwana, "Amahoro, shebuja." Asiyepiga honi, akangoja tu, huyo ni Mwislamu wa mjini, "Karibu, baba." Mwalimu alikaa pale asubuhi tano akiandika honi. Wenye nyumba wakadhani anataka kazi ya geti.

Buterere alikwenda kwa wanawake wa mashamba ya mpunga, mvua zimekwisha kunyesha, maji magotini. Akavuka na kadude kichwani, kimefunikwa beseni. Mama mmoja akamwambia, sisi hatuongei na mtu aliyesimama. Basi akainama akapalilia nao hadi adhuhuri. Aliporudi akaniita tusikilize: saa tatu za maji, chubwi, chubwi, na katikati sauti ya Mwalimu mwenyewe ikisema, "Yoo, mugongo." Alilikata hilo neno lake? Hakulikata. Aliliandika, akaweka na tarehe.

Na mjini, kwa mzee mwenye duka la vitambaa, wa familia za Kiarabu zilizokaa hapa kabla ya wengi wetu. Mwalimu alikuwa na fomu ya chuo, ina visanduku vya kabila na asili. Mzee akavaa miwani, akasoma, akaivua. "Binti yangu, hapa unataka niandike mi ni mutu wa wapi. Baba yangu alizikwa hapa. Babu yangu alizikwa hapa. We baba yako alizikwa wapi?" Mwalimu akasema, Ngozi. "Basi mugeni ni we. Leta nikujazie yako." Mwalimu akaichana fomu palepale, akapewa kahawa yenye tangawizi, na tangu siku hiyo hakumwuliza mtu tena anatoka wapi. Aliuliza tu, "Habari gani?"

Hata Gaspardi, Mwalimu alimchukua sauti. Bucha yake inatazamana na kibanda changu, barabara tu katikati. Gaspardi alimweleza jinsi ya kuchagua ng'ombe sokoni kwa kumtazama mkia, dakika kumi na mbili, na baada ya hapo akawaambia wateja wote kwamba yeye ni msimulizi wa saba katika kitabu cha chuo. "Wa saba, sha," alikuwa anasema akikata mifupa. "Uliza Mwalimu."

Mimi nilikuwa wa tisa.

Hapo inabidi nieleze kitu. Tangu vita nimetaka jambo moja tu: yale majina matatu yaandikwe mahali ambapo mtu hawezi kuyafuta kwa kiganja. Nimepita kwa wakubwa wa kila aina. Wote waliniambia tusameheane, tena kabla sijamaliza kueleza. Kwa hiyo Mwalimu aliponiambia anahitaji kutoka kwa kila mtu habari moja, ya kwake, isiyokatizwa, na kwamba itaandikwa na kuwekwa kwenye kabati la chuo, moyo wangu uliruka.

"Mi niko na moja tu," nikasema.

"Moja inatosha."

"Iko na majina."

"Sema, Fundi."

Wengine walipewa dakika kumi hivi. Mimi nilitumia arobaini. Nilisema yote. Mchana ule tulivyokimbia kwenda upande wa Buterere, mimi na mdogo wangu, ambaye alikuwa na mguu uliovunjika kwenye mpira na haujapona. Tulivyogonga geti la Gaspardi, mimi nimemshika kiunoni, naye Gaspardi akatuchungulia kwenye tundu, nikaliona jicho lake, kisha nikasikia komeo. Nilivyogonga tena. Mdogo wangu akaniambia nitangulie, atanifuata. Nikatangulia. Hakunifuata. Nikaeleza nilivyorudi baada ya wiki nikakuta nyumba ina kuta tu, mabati yangu yako juu ya nyumba ya Hamimu, hata lile lenye alama ya rangi ya buluu. Na Joselini na vitenge. Mwalimu hakunikatiza. Hakutoa machozi pia, jambo ambalo nilimshukuru. Alisogeza tu sahani ya mandazi, siafu walikuwa wameifikia.

Nilipomaliza nikauliza, "Utaiandika?"

"Neno kwa neno, kama ulivyosema."

"Na yale majina?"

Alikuwa anazungushia mfuko wa plastiki kwenye kadude. "Neno kwa neno, Fundi."

Nikalala usingizi mzuri kwa miezi minne.

Siku ya kutetea kitabu chake, wenyewe wanaita defansi, Mutakura iliigeuza harusi. Mwalimu alisema mara tatu, bila kuombwa arudie, kwamba ni mtihani tu, anasimama mbele ya maprofesa, anaulizwa, anakwenda nyumbani. Hakuna aliyemsikia. Mwalimu wetu anamaliza chuo na mvi, tumwache aende peke yake? Ikaundwa kamati. Gari la watu thelathini. Kreti za Fanta. Brosheti, yaani mishkaki, kazi ya Gaspardi. Na kwa kuwa hakuna sherehe bila sare, vitenge vya kijani vyenye samaki, na kamati ya vitenge akapewa nani? Joselini. Nilipopimwa shati langu na mwanamke yule, akanishika mabega akisema, "Fundi, umekonda, kula," nilicheka peke yangu mpaka akadhani utepe unanitekenya.

Basi tuko ukumbini, safu tatu za samaki wa kijani. Maprofesa watatu mbele na majoho. Mimi nimekaa katikati ya Gaspardi na ukuta. Mwalimu akasimama, chaki kiwikoni kama kawaida, akachora ubaoni mstari unaopanda na kushuka: hapa Kiswahili, hapa Kirundi, hapa Kifaransa. Alikuwa amechukua habari za watu na kuzifanya kama homa ya mgonjwa kwenye karatasi ya hospitali. Alieleza za wa saba, mkia wa ng'ombe, Gaspardi akanipiga kiwiko. "Umesikia? Wa saba."

Kisha akafika wa tisa. Akaanza kusoma.

Yalikuwa maneno yangu. Sijawahi kusikia maneno yangu kwenye kinywa cha mtu mwingine, yamenyooka hivyo, hakuna hata moja lililosahihishwa. Akasoma: "Mi nikamuona jicho yake kwenye tundu. N1 akafunga." Nikafikiri ameteleza. Akaendelea. "Mabati yangu iko juu ya nyumba ya N2." Akafika kwenye vitenge, na ukumbi ukacheka, maana niliisema kwa hasira na hasira yangu huwa inachekesha watu. "N3 amekaa mbele kabisa, mama yangu amemuzunguka mwili muzima." Joselini alicheka mpaka akajifuta macho kwa samaki wa mkono wa shati.

Profesa wa katikati akauliza, "Huyu N1 anarudi mara ngapi?"

"Mara kumi na tisa," akajibu Mwalimu.

Nilisimama. Sikupanga, miguu ilisimama yenyewe.

"Mi ndiye wa tisa," nikasema. "N1 iko na jina."

Profesa akanitazama bila ubaya. "Muzee, watu wa nje hawasemi hapa. Baadaye, kwenye vinywaji."

Jina lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini nikamwona Mwalimu. Alikuwa ameishika karatasi kwa mikono miwili, yeye ambaye miaka yote alichora duara bila kutumia chombo. Nikisema, mtihani wake utakuwa wangu. Nikakaa. Gaspardi akainamia sikio langu.

"Fundi. N1 ni nani?"

"We unamujua."

Akatazama mikono yake. Alitazama sana. Kisha akasema, "Ngoja niangalie moto," akatoka akipita juu ya magoti ya watu.

Walimpa Mwalimu alama za juu. Vigelegele vilitoboa dari. Na siku ile, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya bucha, Gaspardi aliunguza nyama. Watu wakaila hivyohivyo, wakasema ina moshi mzuri. Mimi sikuonja. Nilirudi Mutakura kwa miguu, na shati langu la samaki.

Mwaka mzima na zaidi sikumsemesha Mwalimu. Lakini kununiana na mtu wa ukuta mmoja ni kazi ngumu. Redio yake iliharibika, akaiweka mezani bila neno. Nikaitengeneza bila neno, nikairudisha dirishani kwake. Alisikiliza habari, akainua sauti ili nami nisikie. Nikikohoa kule, huku anakoroga chai. Mjukuu wake wa binti alifundishwa kugawanya kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, mifano yote ikiwa ya mafundi redio: fundi mmoja ana redio arobaini na nane, ana hasira kumi na mbili. Ilinibidi nitoke nje nikacheke barabarani.

Halafu akastaafu, binti yake akamchukua akaishi naye Kinindo. Ukuta ukanyamaza. Sikupenda ule unyamavu, na sikumwambia mtu.

Mwaka jana, asubuhi yenye mawingu, tukutuku ikasimama mbele ya kibanda. Mwalimu akashuka, ameinama zaidi, anasoma ardhi kwa karibu. Kiwiko kilikuwa safi. Nilikitazama kama mtu anayetafuta jino lililong'oka. Akaweka mezani mfuko wa plastiki wa mchele.

"Kamekufa," akasema.

Nikafungua kadude. Ndani betri ilikuwa imevuja, na kwenye pembe kulikuwa na makombo ya mandazi ya zamani. Nikachukua brashi.

"Fundi, bado umenikasirikia?"

"Apana. Ilikwisha zamani. Nilikuwa nangoja uulize."

"Ningejua ningeuliza mapema."

"Ju ya nini uliwafunika, Mwalimu? Uliniambia neno kwa neno."

Akavuta kigoda akakaa. "Ni sheria ya kazi. Mutu akinipa mudomo wake, namuficha. Na kila anayemutaja, namuficha. Ungeniuliza siku ile ungekataa kusema, na mi nilitaka useme. Hiyo ni kosa yangu. Iandike."

"Na ile ya mudomo wa mutu akuna kosa?"

"Mudomo akuna. Mutu iko nayo." Akaonyesha ng'ambo kwa kidevu, kwenye bucha, Gaspardi anakata mguu wa ng'ombe. "Kitabu kiko kwenye kabati. Mi niko Kinindo. We ndiye unaamka kila siku unamutazama huyu."

"Ananisalimia wa kwanza siku hizi. Tangu ile nyama iungue."

"Na we?"

"Naitika. Sisemi 'baba'."

Akacheka kidogo. Kisha akatoa kwenye mkoba karatasi iliyokunjwa, ya zamani, mistari imepigwa kwa rula. "Nikuonyeshe. Hii ni yangu, haiingii kwenye kitabu. Nilipokuwa natayarisha habari yako niliandika: N1, Gaspardi. N2, Hamimu. N3, Joselini. N4 niliweka ya mudogo wako, nimufiche naye. Nikasikiliza dakika arobaini. Nikarudia. Nikarudia tena." Akaigeuza karatasi nione. Mbele ya N4 palikuwa peupe. "Gaspardi mara kumi na tisa, Fundi. Mudogo wako unasema 'mudogo', unasema 'ule mutoto', unasema 'yeye'. Sikupata kitu cha kuficha."

Nilikuwa nakaza skrubu iliyokwisha kukazwa.

"Kwenye hesabu," akasema, "pakiwa peupe unaweka herufi, unatafuta mpaka unapata. Kwenye isimu walinifundisha nipaache, kwa sababu mutu mwenyewe ndiye amepaacha. Nikapaacha. Lakini mi ni mutu wa hesabu, Fundi. Imenikera miaka yote."

Shoka la Gaspardi lilikuwa linapiga mfupa. Nikafunga kadude, nikatia betri mpya. Taa nyekundu ikawaka.

"Kamepona?"

"Lazima kajaribiwe."

Akangoja an, de, trwa. Nami nilitaka kuanza hivyo, ulimi uliuzoea ule mlango. Nikabonyeza.

"Swedi," nikasema.

Mwalimu hakuinua macho. Alikuwa anatafuta kalamu kwenye nywele.

"Rudia."

"Swedi."

"Rudia tena, Fundi."

Ya tatu ilitoka kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya barabara. Huko buchani shoka likanyamaza. Sikugeuka kutazama. Mwalimu alikuwa ametoa mkobani daftari jipya, akalifungua juu ya meza yangu katikati ya waya na vumbi la risasi ya kulehemu, akaandika kidogo, akapiga mstari kwa ukingo wa koleo langu.

"Chukua," akasema. "Kwenye kabati ya chuo ni sheria yao. Humu ni yako, taja unayetaka. Ila mi unifiche. Nimezoea."

Akapanda tukutuku yake, kadude mapajani. Kijana wa tukutuku alimwambia kitu kuhusu njia ya Kinindo na foleni, nikamsikia akimjibu, "Rudia."

Daftari lenyewe ni hili. Mwandiko wote ni wangu, isipokuwa mstari wa kwanza kabisa, juu ya kila kitu, kwa herufi zilizosimama wima kama za ubaoni: N4, Swedi.